Posa ya Kauthar wa Redioni

Mimi vyuo vikuu sivipendi. Changu nilikihama kabla hakijanihama, na kila nikimwona mtu kavaa joho hunijia kicheko. Lakini kwa Safaa binti Ngwali, jirani yetu hapa Jadida, Wete, kicheko nakiweka kando. Huyu chuo kimemtengeneza, na mimi najivuna kana kwamba nilimsomesha kwa jasho langu.

Alikwenda kusomea ualimu wa Kiswahili, na hadithi zake zikiwa tayari begini: wasichana wa nywele za dhahabu, farasi, theluji. Theluji! Mtoto wa Jadida, ambako barafu tunayoijua ni ya mifuko, ile ya rangi nyekundu inayouzwa mlangoni mwa skuli. Mhadhiri wake, Dakta Konsolata, mama mmoja wa bara asiyejua kulipaka neno asali, akasoma kurasa chache kisha akamwambia mbele ya darasa zima: "Safaa, msichana wako hajawahi kuumwa hata jino. Nenda kamtafutie mwili."

Akamtaka, kabla ya kuandika sentensi moja, ajue mhusika wake anaonea haya kitu gani, anadanganya kuhusu nini, na mkate wa ufuta anaanza kuula upande upi. Saikolojia ya vijana ikamfunza kwamba mwanafunzi wa kidato cha sita haogopi kiboko kama anavyoogopa kuchekwa. Nayo isimu, somo lililonifukuza mimi chuoni, ikamfunza kwamba Kipemba cha bibi yake, alichokuwa akikimeza kila akikutana na watu wa Unguja, kina kanuni zake kamili kama lugha nyengine yoyote. Akaacha kukimeza.

Akarudi na shahada, na juu yake riwaya ya vijana. Msimuliaji wake ni Kauthar, msichana wa kidato cha sita, binti wa seremala wa Jadida, aliyefiwa na mama. Darasa zima limenunua mtihani ulioibwa na mwalimu wao, yeye peke yake kakataa. Redio ya jamii ikamwomba Safaa aisome hewani, sura kwa sura, kwa sauti yake mwenyewe.

Mzee Ngwali, baba yake, ambaye ni seremala kweli, hakuona faida. Kwake yeye aliyesoma ni mwenye ofisi, na ndugu yake Abdulsamad alikuwa keshamtafutia Safaa nafasi ya ukarani Chake Chake.

"Ijumaa nampa ami yako jibu," alimwambia. "Haya mambo ya redio yatosha. Hadithi utakuja kuwasimulia wanao."

Safaa alilia, na baba hakugeuka nyuma.

Alhamisi baada ya alasiri, hodi. Mzee Jaribu na mkewe Bi Mwatum, wametoka Micheweni, wamevaa vya Idi, wamemuuliza kila mtu njiani nyumba ya seremala ambaye bintiye yumo redioni.

"Tumekuja kwa kheri," alianza Mzee Jaribu. "Mwenetu Ishak keshakuwa mtu mzima. Tumesikia hapa pana binti."

Mzee Ngwali alikwisha kukichonga kitanda cha harusi kichwani. "Yupo, alhamdulillahi. Kasoma, ana shahada."

"Shahada?" Bi Mwatum akashtuka. "Si bado yumo skuli? Sie tutangoja amalize. Twamtaka Kauthar."

"Kauthar yupi?"

"Kauthar wako weye! Yule asemaye redioni. Mie nafunga mwani namsikiliza, hata kamba zanipotea mkononi. Alipoukataa ule mtihani wa wizi nikamwambia mume wangu, twende, asije akatutangulia mtu."

Safaa alikuwa nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi kwa binti anayeposwa. Akashindwa kujizuia.

"Shikamoo, Bi Mwatum. Kauthar si mtu. Nimemtunga mie."

"Ndiyo sauti hiyo hiyo! Mwaona alivyo na haya? Ajikana mwenyewe!"

"Wallahi nimemtunga."

"Mtu wa kutungwa akwangue ufuta aule kwanza, kisha mkate ampe paka? Hebu nenda huko!"

Ikabidi Safaa atoke, akae mkekani, aeleze polepole. Bi Mwatum uso ukamshuka.

"Na mama yake aliyekufa?"

"Hakuwapo, bibi."

"Nami nimemsomea Fatiha kila Ijumaa!"

"Itamfikia mwengine," mumewe akamtuliza. "Na yule mwalimu mwizi wa mtihani, naye hayupo?"

"Hayupo."

"Huyo yupo," akasema Bi Mwatum. "Tena wamejaa."

Mzee Ngwali alikuwa akimtazama bintiye kama fundi aliyeonyeshwa mlango asioweza kuuchonga yeye. Kisha akajiweka sawa, akakohoa.

"Mzee Jaribu, mmekuja kwa heshima na mtajibiwa kwa heshima. Kauthar yumo masomoni. Na mwenye kauli juu yake ni huyu, mama yake." Akamwelekea Safaa. "Mama wasemaje?"

Safaa akababaika. "Hataki kuolewa mpaka apate matokeo."

"Basi mmesikia."

"Tutangoja matokeo," akasema Bi Mwatum, na wala hakutania.

Wageni hawajafika hata barabarani, Mzee Ngwali kashika simu, Ijumaa hakuingoja.

"Abdulsamad, hiyo nafasi mpe mwengine. Safaa ana kazi... Kazi gani? Yakhe, nimempeleka chuo arudi na ofisi, karudi na watu. Wageni watoka Micheweni kuja kuwaposa!"

Siku hizi, riwaya imeshachapishwa, ukipita karakana yake atakuzuia tu, hata kama una haraka, akwambie kwamba amekataa posa ya mjukuu wake kwa sababu mtoto anasoma. Ukimuuliza mjukuu gani, na wewe unajua hana, atakutazama kwa huruma na kukwambia ukanunue kitabu.