Mlisahihisha Ugonjwa Wangu kwa Wino Mwekundu

Mimi ni Hawa Kiden, mama Zaitun, muuza chai na maandazi katika soko la Koboko. Ni yule yule aliyekuwa akiwaandikia visa vya Koplo Kijiko. Niko hai, na nimekasirika. Mtanivumilia kurasa hizi chache, maana mimi nimewavumilia mwaka mzima.

Najua mmezoea kucheka mkifika kwenye mwandiko wangu. Leo msitafute kichekesho. Nitaeleza nilivyougua na nilivyopona, tena kuanzia mwanzo, kwa sababu baadhi yenu mmejiunga juzi tu na mmeambiwa kwamba nilitoweka kwa maringo.

Daftari letu lilianzia Zaire, tulipokimbia vita vya sabini na tisa. Kule hatukuwa na redio wala gazeti. Tulikuwa na njaa na maneno mengi. Mwalimu Andama wa Manibe alishona karatasi kwa uzi wa gunia, akasema kila mtu aandike kurasa mbili kisha ampe mwenzake. Tukachagua Kiswahili kwa kuwa Mlugbara, Mkakwa na Mnubi walikuwa wanakutana humo bila ugomvi. Baba yangu alikuwa askari, mimi nimekulia kambi za jeshi, Kiswahili nilikinywa pamoja na uji. Nikamtunga Koplo Kijiko, mpishi wa jeshi ambaye hajawahi kupiga risasi hata moja na hajawahi kupoteza sufuria. Vita vikianza yeye ndiye wa kwanza kukimbia, na popote anapokimbilia watu wanapata kula. Mlimpenda. Msikatae sasa.

Tuliporudi nyumbani daftari lilirudi nasi. Linafungwa ndani ya nailoni, linapanda pikapu hapa Koboko, linashushwa kwa fundi cherehani pale Arua, kisha linapita Pajulu, Ombaci na Manibe mpaka linanirudia. Kila msomaji anaandika maoni yake pembeni mwa ukurasa. Na kuna sheria ya Mwalimu, ambaye ndiye katibu wetu: anayekosa zamu mbili anafutwa jina, na kisa chake anapewa mwingine akimalizie.

Mimi sikuwahi kukosa zamu. Wiki niliyojifungua Zaitun niliandika kurasa zangu mbili nikiwa nimemlaza pajani.

Ugonjwa ulianza na homa. Ilikuja, ikakaa siku tatu, ikaondoka, ikarudi. Nilimeza klorokwini mpaka masikio yakavuma. Kichwa kiliuma upande hadi upande. Ngozi iliwasha, nikajikuna mpaka damu, wala hapakuwa na upele. Nyuma ya shingo yakaota matezi, magumu, yanateleza chini ya kidole kama punje za mahindi mabichi. Asubuhi uso ulikuwa umevimba. Hedhi ikakatika, mume wangu Swale akafurahi akidhani ni mimba, akafurahi bure. Hakuna aliyefikiria mbung'o. Tunafua kwenye mto Kaya, mbung'o wamejaa, wanatuuma siku zote. Nani ana muda wa kuwafikiria?

Halafu ukaja usingizi wa mchana. Usiku macho makavu, mchana nalala nimeketi, mwiko mkononi. Siku moja nilisinzia mbele ya karai na mkono ukaingia kwenye mafuta. Kovu ninalo, limeanzia kwenye kidole gumba hadi kifundo. Nikijigonga kwenye kiti, maumivu yalichelewa kidogo, kisha yakaja makubwa kupita kiasi. Kufungua kufuli ya kibanda kuliniliza machozi.

Na hasira. Hapa ndipo ninapoona aibu hadi leo. Niliwatukana wateja. Nilimmwagia mzee mmoja chai kwa sababu aliomba sukari. Nilimpiga Zaitun kwa kosa la kucheka. Mimi, niliyekuwa nikiwachekesha ninyi! Sikujua yule mwanamke ametoka wapi, na sikuwa na nguvu ya kumfukuza.

Swale akapata jibu lake haraka.

"Wewe nakunywa waragi," alisema. "Sema tu."

"Mimi? Mimi na pombe wapi na wapi?"

"Mutu hapana nalala saa nne asubuhi kama hapana kunywa."

Akawa anakuja kibandani kuninusa mdomo mbele ya wateja. Mwanamke wa Kiislamu, ambaye pombe naijua kwa kupita tu mbele ya mlango wake, nanuswa kama mtungi. Hanusi kitu, na bado anaamini. Alipochoka na pombe akahamia kwenye jini. Nikafukizwa ubani mpaka nikakohoa siku mbili. Swale ameniomba radhi, nimemsamehe, lakini siku nyingine nikimwona anakunja pua nakumbuka na damu inachemka.

Muda wote huo nilikuwa nawaandikia. Kurasa zile bado zimo humu humu, zifungueni mzitazame. Mistari inashuka upande wa kulia. Herufi zimekuwa ndogo, zinabanana. Neno "sufuria" nimeliandika mara tano mfululizo. Na mwisho wa ukurasa wa pili kuna mstari wa wino uliotoka katikati ya neno ukaenda hadi nje ya karatasi, kwa sababu nililala na mkono ukaendelea peke yake.

Nanyi mliandika nini pembeni? Mmoja aliandika, "Kumbe Mama Kijiko naye anaonja!" Mwingine: "Sifa zimempanda kichwani, hatujali tena." Yupo mmoja wenu anayeuza dawa Arua, mtu anayeshinda na wagonjwa kutwa, naye aliniambia nijifunze upya kuweka vituo. Mwalimu ndiye aliyenimaliza. Alichukua wino mwekundu, akakata zile sufuria nne akaacha moja, akauzungushia duara ule mstari wangu wa usingizi, akaandika: "Uzembe. Heshimu wasomaji."

Mlikuwa na ugonjwa wangu mikononi. Uliwapitia mmoja mmoja, kutoka Koboko hadi Manibe. Mliushika, mkausoma, mkausahihisha, mkaufunga tena kwenye nailoni.

Nikakosa zamu ya kwanza. Nikakosa ya pili. Nilikuwa nimelala mkekani, mate yananitoka, mkojo unanitoka, mifupa ya nyonga imechubua ngozi. Hakuna aliyeuliza. Mwalimu akafuta jina langu kwa rula, kwa unadhifu kabisa, kisha akammaliza Koplo Kijiko kwa nusu ukurasa: risasi ya mgongo, sufuria imetoboka, mwisho. Nanyi wenzake wa Manibe mkaandika pembeni, "Safi, Mwalimu."

Sasa nawaambia nani aliniokoa. Ni Asunta, yule mkimbizi Mzande kutoka Yambio, anayeuza samaki wakavu kati ya Koboko na Arua. Mnamjua kama mwanamke anayebeba daftari. Hajawahi kuandika hata pembeni, anasema yeye ni msomaji tu. Siku alipokuwa analipeleka Arua, huo mwisho wa Mwalimu ukasomwe na wengine, alilifungua akiwa juu ya pikapu, akafunua nyuma atafute kurasa zangu za mwisho, aone Koplo alikuwa mzima lini. Akaona ile mistari.

Alishuka njiani. Samaki wake wakaenda Arua bila yeye. Akadandia gari la kurudi, akaingia nyumbani kwangu bila hata kubisha hodi, akapiga magoti na kunipapasa shingo.

"Nani naona hii shingo?" akauliza.

"Iko jini," Swale akasema.

"Jini gani! Hii iko malale, ugonjwa ya usingizi. Ndugu yangu alikuwa karani ya kanisa. Kitabu yake ya ubatizo ilikuwa hivi hivi, mistari naanguka, neno moja mara tatu. Sisi tulicheka yeye. Tulicheka mpaka akakufa. Wewe nangoja nini?"

"Gari hapana."

"Baiskeli iko?"

Baiskeli ilikuwepo. Walinifunga kwenye keria kwa vitenge viwili nisidondoke, Swale akisukuma, Asunta ameshika mgongo wangu, mpaka barabarani tukapata lori.

Kwenye kituo cha kutibu malale walichoma tezi la shingo kwa sindano, wakatazama majimaji yake kwenye darubini. Kisha wakanikunja kama mtoto tumboni, wakanichoma uti wa mgongo. Daktari hakunificha.

"Wadudu wamefika kwenye ubongo," alisema. "Dawa ipo, lakini yenyewe ina sumu. Wengi wanapona. Wachache inawaua."

 Asunta akamgeukia Swale, akamwambia, "Ukikataa, anakufa. Ukikubali, labda anapona. Sema ndiyo, baba Zaitun." Akasema ndiyo.

Dawa ile waliichoma kwa bomba la sindano la kioo, kwa sababu bomba la plastiki inaliyeyusha. Fikirieni, kitu kinachoyeyusha plastiki kinaingia kwenye mshipa wako. Ilipanda mkono hadi begani kama pilipili iliyosagwa. Mshipa ulikauka ukawa mgumu kama kamba, wakahamia mkono wa pili. Nilitapika kila nilichopewa. Unachomwa siku kadhaa, unapumzika wiki, unarudia, mara tatu. Mama wa kitanda cha jirani alipata degedege baada ya sindano yake na hakuamka. Walimfunika, kisha muuguzi akageuka kwangu na bomba langu likiwa tayari. Nilimshika Asunta mkono nikamtamkia maneno ya shahada amfikishie Zaitun kama sitaamka. Yeye ni Mkristo, hakujua hata neno moja, akayakariri pamoja nami mpaka sindano ikaisha.

Aliniogesha, alinifulia, alinilisha uji kwa kijiko siku zote hizo. Samaki wake waliishia mikononi mwa watu. Hajawahi kulitaja jambo hilo.

Baada ya mzunguko wa pili niliamka asubuhi nikasikia njaa. Njaa ya kweli, ya kutaka kitu fulani. Nilitaka mihogo. Nikauliza leo siku gani, nikauliza Zaitun amesukwa na nani, kisha nikauliza daftari liko wapi.

"Baadaye," Asunta akasema, akilisukuma chini ya kanga zake.

Nililipata kesho yake alipokwenda kisimani. Nikasoma kifo cha Koplo. Nikasoma ile "Safi, Mwalimu." Nilipiga kelele hadi daktari akaja mbio akidhani dawa imenigeukia. Nikamweleza kila kitu, kuanzia Zaire, natukana watu asiowajua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Hii hasira ina sababu," alisema. "Ile ya kwanza haikuwa nayo. Umepona, mama."

Basi hii ndiyo hasira yangu, mali yangu halisi, na siiombei radhi. Bado narudi kila miezi sita kuchomwa mgongo waangalie kama wadudu wamekwisha. Mara mbili sasa maji ni safi. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenirudishia akili zangu. Nawashukuru wale wa kituo kwa mikono yao myepesi. Asunta sina shukrani inayomfikia.

Kwenu nina maneno haya. Ukiona matezi nyuma ya shingo, ukiona mtu mpole amekuwa mkali na analala kibandani mwake jua likiwa kali, usimnuse mdomo wala usimfukize. Mpeleke akapimwe, tena mapema, kabla hajafikia ile dawa ya bomba la kioo. Na Koplo Kijiko nimemfufua. Risasi ilipiga sufuria aliyoibeba mgongoni, yeye haikumfika. Asiyetaka aandike pembeni.

Limebaki la Mwalimu. Amekosa zamu mbili. Mlisikia kwamba nimepona na nina hasira, nami nimesoma mlivyoandika: "Anaona aibu kwa Mama Kijiko." "Anaogopa ulimi wake." Nilipoyasoma nilifurahi, siwafichi, nilifurahi siku mbili nzima. Nikasema aibu imwingie hadi kwenye mifupa. Kwa sheria yake mwenyewe, jina lake lifutwe, na kisa chake nikimalizie mimi. Nilishika kalamu. Mwisho niliokuwa nimemtayarishia ulikuwa mbaya, na ulikuwa mtamu.

Halafu nikawauliza watu wa pikapu nani amemwona Mwalimu Andama. Hakuna. Fundi cherehani hajamwona. Ninyi mliopo Manibe hapo hapo, mnaopita njia ya kwake kwenda kisimani, mmeandika mistari minne ya kumcheka, na hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba alibisha hodi.

Ukurasa wake nauacha mtupu. Kesho mimi na Asunta tunapanda gari la asubuhi kwenda Manibe. Nikimkuta mzima, nitamwambia haya yote usoni, kwa sauti, mbele ya mkewe na majirani, na atanisikiliza amesimama. Nikimkuta amelala, nitampapasa shingo kwanza. Matusi yangu yatasubiri mpaka apone.