Baiskeli ya Baba Mkwe

Kiti ndicho kilichotushinda mwanzo. Baiskeli yenyewe ilikuwepo, nyeusi, ya Kihindi, kila jioni imeegemezwa ukutani mwa ghala, na mimi niliihitaji kuliko nilivyohitaji chakula. Lakini ilikuwa ya baba mkwe wangu, na kwetu Kalama mkaza mwana hakalii anapokalia baba mkwe. Hakalii kigoda chake wala kitanda chake, hampi mkono, na wakikutana njiani mkaza mwana ndiye anayepisha. Heshima hiyo Wakamba tunaiita nthoni. Nililelewa Machakos mjini, nikasomea ualimu, nikajiona nimeendelea. Nilipoolewa niligundua kwamba nthoni haimuulizi mtu ana cheti gani.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Nilikuwa nimehamishwa kutoka shule ya karibu nikapelekwa nyingine ng'ambo ya vilima, kilomita kama tisa, kwenye barabara ya mchanga ambayo matatu iliipita siku ya soko tu. Mume wangu alikuwa kiwandani Athi River na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mtoto wetu alikuwa na miezi saba, bado ananyonya.

Siku ya kwanza mwalimu mkuu alinipokea vizuri. Alikuwa mtu nadhifu, saa yake kaivaa uso ukiangalia ndani ya mkono.

"Mwalimu, hapa tuko na nyumba za walimu," alisema. "Chumba moja iko wazi. Ukikaa hapa hautachelewa."

Nilikiona chumba chenyewe. Hakikuwa na jiko, na hakukuwa na mtu wa kunishikia mtoto nikiwa darasani. Kuhamia pale kulikuwa na maana moja tu: mtoto abaki kwa nyanyake, mimi nimwone Jumamosi. Nilimwambia nitakuwa nikifika mapema kutoka nyumbani. Aliangalia saa yake akasema tutaona.

Wiki ya kwanza nilitembea. Karibu saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, na ikifika alasiri maziwa yamenilowesha blauzi hadi kiunoni. Nilikuwa na hasira na kila mtu, hata na mbuzi.

Mama mkwe alimweleza mzee. Jumamosi mzee alichukua spana, akakifungua kile kiti cha baiskeli, akakitundika kwenye msumari ndani ya nyumba yake. Kisha akaenda Machakos kwa miguu, akarudi jioni na kiti kipya, bado kimevikwa karatasi ya plastiki. Alikifunga, akakaza, akakitikisa kuona kama kinacheza. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale nikiambua mbaazi. Alimwambia mkewe, kwa sauti ya kutosha boma zima:

"Hii sasa si baiskeli yangu. Hiyo kiti ni ya mama mtoto."

Sikujua nifanye nini na uso wangu, nikaendelea kuambua mbaazi.

Kujifunza kulikuwa kituko. Anayemfundisha mtu baiskeli humshikilia, na mzee hangeweza kunishikilia. Basi mama mkwe ndiye aliyeshika keria ya nyuma na kukimbia, mama wa miaka sitini na kitambaa chake kichwani, huku mzee amesimama kando ya zizi akitazama vilima kana kwamba hatuhusiki naye.

"Mwambie asiangalie gurudumu," alikiambia kilima. "Aangalie pale anataka kufika."

"Amesema usiangalie gurudumu," mama mkwe akahema nyuma yangu.

"Nimesikia, mwaitu," nilimjibu, yaani mama.

"Mwambie asifinye breki ya mbele peke yake."

Ujumbe huo ulinifikia nikiwa tayari ndani ya mihogo. Nilivaa suruali ya mume wangu chini ya rinda kwa sababu ya lile bomba la katikati, na bado kila nilipoanguka mzee aligeuka akatupa mgongo mpaka niinuke nijipanguse. Majirani walikuja kutazama. Mmoja alileta kigoda chake kabisa. Niliwatukana wote kimoyomoyo, nikapiga moyo konde, na baada ya wiki mbili nikaweza kuanza, kwenda na kusimama bila kumuua kuku.

Nikaipenda ile barabara, nasema wazi. Niliondoka saa kumi na mbili na dakika chache, mtoto ameshiba amelala tena. Kwanza kulikuwa na mteremko mrefu kati ya makinga-maji ya mashamba, mahindi upande huu na maharagwe upande ule, na upepo ukinitoa machozi. Hakukuwa na gari. Kwa wiki nzima ningekutana na lori moja la mchanga, na dereva wake alikuwa na adabu ya kupunguza mwendo ili asinivishe vumbi. Nilisikia mnyororo ukizunguka, nikasikia mtu akikohoa nyumbani kwake ng'ambo ya bonde. Mtoni hakukuwa na maji, mchanga tu, na pale nilishuka nikasukuma, nikiwapita akina mama waliokuwa wakichimba visima vyao vidogo. "Mwalimu, utavunjika," waliniambia kila siku, na kila siku niliwajibu kwamba bado. Ng'ambo ya mto ulianza mlima wa mwisho, umepandwa katani pande zote mbili, na juu yake ndiko shule.

Mlima ule ndio uliotaka kuniharibia. Mzee alipeleka maziwa kila asubuhi kwenye hoteli moja iliyokuwa sokoni, mbele ya shule. Zamani alipeleka kwa baiskeli. Sasa alikwenda kwa miguu, mtungi begani, akitoka nyumbani gizani mara tu baada ya kukamua, na hesabu ya miguu yake na magurudumu yangu ilitukutanisha katikati ya mlima huo, kila siku. Barabara ilikuwa hiyo hiyo moja. Singeweza kumpita baba mkwe nikiwa nimekaa juu kama askari. Nilishuka, nikasimama kando, nikamwamkua macho yakiwa chini. Naye akaitikia akitazama kwingine, akaharakisha ili nisisimame sana. Lakini kwenye mlima kama ule mtu huanza na kasi aliyotoka nayo chini. Ukishuka katikati hupandi tena. Nilisukuma mpaka juu, na kengele ya shule ilinikuta bado nasukuma.

Mara ya kwanza mwalimu mkuu aliangalia saa yake tu. Mara ya pili aligonga kioo cha saa yake kwa kidole. Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi, na aliniita ofisini.

"Ukichelewa kesho, Jumatatu kuja na godoro," alisema. "Hiyo mambo ya baiskeli tutakuwa tumemaliza."

Jioni hiyo nilikaa jikoni kwa mama mkwe na mtoto mapajani nikalia kwa hasira. Nilisema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona haya. Nilisema mzee ananitembelea katikati ya barabara yangu, na kwamba mtoto wangu atanisahau kwa sababu ya mtungi wa maziwa. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa matope, na mzee alikuwa nje tu, akimwaga maji ya ng'ombe. Mama mkwe hakunikemea. Alinyoosha mkono akafunga mlango, akaniambia, "Nyonyesha mtoto."

Ijumaa niliuanza mlima roho mkononi. Nilimtafuta mbele yangu, sikumwona. Nikafika pale tulipozoea kukutana, hakuna mtu. Niliogopa. Nilifikiri amesikia yale maneno akakataa kutoka, au ameugua, na ng'ombe hawajakamuliwa kwa sababu ya mdomo wangu. Kisha nikaona mtungi wa maziwa umewekwa chini kati ya katani, na hatua mbili ndani zaidi nikamwona mwenyewe. Alisimama wima ndani ya miiba, mgongo kwangu, kofia mkononi, akikagua maharagwe ya mtu mwingine ng'ambo ya katani kwa makini sana.

Nilielewa nikiwa bado nakanyaga. Tusipokutana, hakuna wa kumpisha mwenziwe. Nthoni ilibaki nzima, na mimi nilibaki juu ya baiskeli. Nilifika shuleni watoto wakiwa bado wanafagia uwanja. Mwalimu mkuu alitazama saa yake, akaniambia habari ya asubuhi, na hakuzungumza tena habari ya godoro.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mwaka na nusu, mpaka niliporudishwa shule ya karibu. Mzee alikuwa mtu wa kuheshimiwa, aliyeitwa kwenye kila baraza, na kila asubuhi alisikia magurudumu yangu kwenye changarawe akaacha barabara akajificha kwa ajili yangu kama mtu aliyeiba. Siwezi kusema nimewahi kumheshimu mtu kumzidi. Hakulitaja hata siku moja, nami sikuwa na njia ya kumshukuru ambayo isingemwaibisha. Jioni nilirudi, nikamchukua mtoto, tukalala wote kitanda kimoja.

Asubuhi moja ya mvua ya Novemba nilimkuta katikati ya mlima, ndani ya katani zile zile, tope limemfika vifundoni, mtungi ameuinua begani usishike tope, shati limemganda mgongoni. Kwa mara ya kwanza nilitaka kushuka, nimwambie mzee wangu, njoo barabarani, pita. Mguu wangu ulikuwa umeshaacha pedeli. Kisha nikaurudisha nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu kama ningeshuka, angekuwa amelowa bure.