Inchi za Kuuona Uso wa Mke Wangu

Kwa miaka kadhaa nilitazama taarifa ya habari pamoja na mgongo wa mke wangu. Ni mgongo mzuri, sina neno nao, ila mtu haoi mgongo.

Mke wangu ni kiziwi. Homa kali ilimwondolea usikivu kabla hajaanza shule, na yeye mwenyewe halizungumzii sana jambo hilo kwa sababu hakumbuki sauti yoyote ya kuikosa. Ana saluni ndogo Kimisagara. Wateja wake wengi hawajui hata alama moja, lakini wanaingia, wanaonyesha picha kwenye simu, wanasukwa, na wanatoka wamependeza. Mimi nazungumza naye kwa mikono, kwa lugha ya alama, amarenga kama inavyoitwa hapa Kigali. Nilijifunza ukubwani kwa ajili yake, na kwa kuwa nilikulia Tanzania, mpaka leo ananicheka kwamba hata mikono yangu ina lafudhi ya huko.

Nyumbani kwetu Kagugu tunaishi watatu: mimi, yeye, na mama yangu. Mama anapenda mambo matatu, yaani chai yenye maziwa mengi, wageni, na taarifa ya habari. Mke wangu naye kwa habari hakosi, maana kwenye kona ya chini ya picha huwa kuna kisanduku, na ndani yake mkalimani anayesema kwa mikono kila anachosema mtangazaji. Tatizo lilikuwa televisheni yenyewe. Ilikuwa ya inchi thelathini na mbili, niliyoinunua nikiwa kapera, na kwa mtu aliyekaa kwenye kochi kile kisanduku kilikuwa kidogo kama kiganja cha mtoto. Vidole vya mkalimani vilionekana kama sisimizi wanaogombana. Kwa hiyo kila jioni mke wangu alichukua kigoda, akakiweka mbele kabisa, karibu aiguse skrini kwa pua, na mimi na mama tukabaki nyuma yake kwenye kochi.

Anayesikia anaweza kukupa mgongo na bado mkaongea. Kwa kiziwi, mgongo ni mlango uliofungwa. Nikitaka kumwambia neno ilibidi niinuke, nimguse bega, ageuke, na kwa kugeuka kwake tayari amepoteza habari nzima. Niliiona ile pumzi yake ya kuvumilia. Nikaacha kumgusa. Ndivyo ilivyotokea kwamba saa ile moja ya siku ambayo wote tupo nyumbani, tumeshakula, hakuna anayekimbilia popote, ikawa saa ambayo hatuongei.

Nilijaribu kumfasiria mimi mwenyewe. Nilikaa upande wa televisheni, nikamtazama yeye, nikawa napeleka maneno. Waziri alikuwa ameshamaliza hotuba na kushuka jukwaani nami bado niko kwenye salamu zake. Baada ya siku chache mke wangu akanisimamisha kwa mkono.

"Wewe unanipa muhtasari," akasema. "Mimi nataka habari."

Sikukasirika. Sawa, nilikasirika kidogo, nikaenda kuosha vyombo visivyohitaji kuoshwa.

Kisha jioni moja habari zilipokwisha alirudisha kigoda mahali pake, akasimama akinitazama, akaniuliza: "Nikiwa pale mbele, nyinyi huwa mnafanya nini nyuma yangu?"

"Hatufanyi kitu," nikamjibu. "Tunatazama tu."

"Nami nadhani hivyo," akasema. "Lakini sijui."

Aliuliza bila uchungu, kama mtu anayeuliza kama maji yamechemka, na ndiyo maana swali liliniingia. Usiku ule nililala nikiwa nimeamua. Nilitaka mke wangu arudi kwenye kochi, na aisome mikono ya yule mkalimani akiwa amekaa karibu nami, uso wake nikiuona. Mengine yote kuhusu televisheni hayakunihusu.

Mama alifurahi mno kusikia tunanunua kubwa, ingawa kwa sababu zake. Alikuwa amekwenda kumtembelea rafiki yake Kibagabaga na kukuta televisheni kama mlango, akarudi amenuna siku mbili. "Mchukue ile ambayo mgeni anaiona akiwa getini," akaniagiza.

Nikapima. Katika nyumba zetu makochi huegemea ukuta pande zote, kama watu wanaosubiri kupigwa picha, na katikati panaachwa meza na nafasi ya wageni kupita. Nilivuta tepu kutoka ukuta wa televisheni hadi ukuta wa kochi: mita tatu na kitu. Nikaliandika hilo kwenye kiganja na tukashuka mjini, mimi na mke wangu.

Muuzaji wa duka lile alikuwa kijana mchangamfu aliyekulia Bujumbura. Aliposikia Kiswahili changu akaacha Kinyarwanda papo hapo.

"Karibu muzee, karibu mama. Kutoka kwa kiti mpaka kwa TV iko mita ngapi?"

Nikamwonyesha kiganja. Akachungulia kikaratasi alichobandika kaunta, chenye mita upande mmoja na inchi upande wa pili.

"Mita tatu, unakamata hamsini ama hamsini na tano. Na iwe 4K, muzee. Picha iko safi, utahesabu mpaka magamba ya samaki."

Kweli, televisheni zote zilizopangwa ukutani zilikuwa na samaki. Samaki wa bluu, samaki wa njano, wanapita taratibu katikati ya matumbawe, kila gamba likimeta. Mke wangu aliwatazama kwa adabu, kisha akanigeukia. "Muulize, hawa samaki wanajua alama?"

Nilicheka peke yangu na kijana akabaki ananiangalia. Nikamweleza kwamba kikaratasi chake ni cha watu wanaotazama picha nzima, na sisi tunatazama kona. Hakunielewa. Mke wangu ndiye aliyemwelewesha: alisogea kwenye skrini moja, akachora kwa kidole kisanduku kwenye kona ya chini, halafu akaweka mikono yake miwili pale na kuiachia iseme. Kijana akapiga paji la uso.

"Aah! Yule dada wa habari! Basi kujeni saa ya habari. Nitafunga dekoda, muangalie na macho yenu."

Tukarudi jioni ile ile. Alikuwa amefunga king'amuzi kama alivyoahidi, na saa ilipofika akabonyeza rimoti, samaki wote wakatoweka kwa mpigo. Mahali pao akatokea mtangazaji, ukuta mzima, na katika kila kona ya kila televisheni mkalimani yule yule akiinua mikono kwa pamoja. Mke wangu alisimama katikati ya duka, mkoba begani, mdomo wazi.

"Ni kama harusi ya viziwi," akaniambia. Macho yake yaling'aa, nami nikaona haya kwamba sijawahi kumleta mahali kama pale.

Kazi ikaanza. Nilipima mita tatu na kitu, zikaangukia kwenye safu ya friji, na mke wangu akaegemea friji mojawapo akisoma. Alikuwa ananirudishia anachokiona, na mimi, niliyekuwa nasikia, nalinganisha. Kwenye inchi arobaini na tatu alikunja uso na kupata nusu ya maneno. Kwenye hamsini alipata habari, lakini majina ya watu na ya mahali, ambayo mkalimani huyatamka herufi kwa herufi kwa vidole, yalimponyoka. Tukaenda kwenye sitini na tano moja ya bei nafuu. Hapo mikono ilikuwa mikubwa, lakini kila ilipokwenda mbio iliacha mkia wa kivuli nyuma yake.

"Huyu mama ana mikono minne," mke wangu akasema, "na yote inaongea kwa wakati mmoja."

Kijana akatusogeza kwenye ile kubwa kuliko zote, ambayo nadhani mama angeikumbatia. Mke wangu aliitazama kwa muda, akatikisa kichwa. Mikono ilikuwa imekua, lakini haikuwa wazi zaidi. Ilikuwa imenenepa tu.

"Sasa 4K yako iko wapi?" nikamuuliza kijana, maana sipendi kuuziwa samaki.

Akashusha sauti, akatazama kama mwenye duka yuko karibu. "Muzee, nisikudanganye. Kwa habari, picha wanatuma iko ndogo. TV inaivuta tu, kama chapati. Haiongeze unga. Kwa samaki, ndiyo, utaona tofauti."

Nilimpenda tangu dakika hiyo. Nikamwuliza basi tufanye nini, akaonyesha ya hamsini na tano, ambayo nayo ilikuwa 4K, maana televisheni za saizi ile zote zilikuwa hivyo, ila kioo chake, alisema, hakiachi mkia mikono ikienda mbio. Mke wangu akarudi kwenye friji yake. Nikamsubiri anirudishie maneno kama mwanzo. Hakurudisha kitu. Nikasogea mbele yake nikamwuliza kwa mikono kama anaona vizuri. Akanipungia kidole.

"Toka hapo mbele," akasema. "Natazama."

Ndivyo tulivyochagua.

Fundi aliifunga kesho yake. Mama alitaka iwe juu karibu na dari, nami nikamkatalia, nikasema itakaa usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Alinung'unika, kisha akajiliwaza kwa kupanga kabati chini yake: kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na juu ya kitambaa chombo chenye maua ya plastiki anayoyapenda kuliko anavyonipenda mimi.

Jioni tukaketi. Mke wangu alikaa kwenye kochi, bega lake likinigusa, na nilijisikia kijana anayeposa. Mtangazaji akatokea, akatusalimu. Nikamwona mke wangu anainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule. Nikatazama kona. Kwenye kona palikuwa na mawaridi. Maua ya mama yalikuwa yamemfunika mkalimani, na mara moja moja tu kidole kilichomoza katikati ya majani kikatoweka tena. Mke wangu hakumlaumu mtu. Alianza kuteleza taratibu kutoka kwenye kochi, mkono ukikitafuta kigoda, na moyo wangu ukaanguka.

Aliyeinuka ni mama. Aliinuka na magoti yake yanayomsumbua, akaliendea kabati, akakibeba chombo na maua yake mpaka jikoni. Aliporudi alisimama mbele ya skrini, akamtazama mkalimani kwa karibu, kama mtu anayemkagua mgeni aliyekuwa ameachwa nje.

"Miaka yote hii," akasema, "sikujua kwamba pale kuna mtu."

Nikamfasiria mke wangu. Akamvuta mama mkono, akamkalisha kwenye kiti cha pembeni.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi na tepu yangu hatukulifikiria. Alisimama, akalishika kochi ncha moja, akalivuta kutoka ukutani mpaka likakaa mshazari katikati ya sebule, likitazama televisheni kwa upande mmoja na kiti cha mama kwa upande wa pili. Kutoka pale aliweza kuiona skrini, akaniona mimi na kumwona mama bila kugeuka. Vipimo vyangu vyote vikawa vimekwisha kazi.

"Sasa wageni watapita wapi?" mama akauliza.

"Wageni wakae," mke wangu akajibu nilipomfasiria.

Mama alitaka pia kuzima taa ili picha ikolee, kama ilivyokuwa desturi yake. Hapo sikungoja kuambiwa. Nilimweleza kwamba gizani sisi wawili hatuna mdomo. Akaiacha taa.

Tangu siku ile nimegundua kitu ambacho mgongo ulikuwa ukinificha. Mkalimani husikia kwanza, kisha ndipo aseme kwa mikono, na katikati pana pumzi moja au mbili. Kwa hiyo kila habari hunifikia mimi kabla ya kumfikia mke wangu. Mwanzoni jambo hili lilinisumbua. Nilihisi kama nakula kabla yake.

Juzi karibu na mwisho wa habari, mtangazaji, akiwa na uso wa msibani kabisa, alieleza kwamba fahali aliyetoroka mnadani aliingia kanisani wakati wa mazoezi ya kwaya, akasimama katikati ya safu ya besi, na mwalimu wa kwaya, aliyekuwa amefumba macho, akaendelea kuongoza wimbo mpaka ubeti wa mwisho. Mama akajipiga mapaja, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kicheko kilinifika kooni. Nikakibana.

Nikamgeukia mke wangu. Uso wake ulikuwa bado umetulia, macho kwenye kona, mdomo umefumbwa, hajui bado. Nikaona fahali anaingia kanisani usoni mwake. Nyusi zikapanda. Shavu moja likatikisika. Akanigeukia upesi, kama mtu mwenye habari ya kunipa, akanikuta tayari namtazama, na hapo ndipo nikakiachia kicheko changu, tukacheka pamoja.