Shoveli ya Murungu na Macho ya Baba

Nyumba yetu ya Kibondo ilikuwa na harufu mbili zisizopatana. Upande wa jikoni palinuka muhogo ambao mama aliuloweka siku tatu hadi ukalainika, tayari kuanikwa na kutwangwa kuwa unga. Upande wa barazani palinuka dizeli na grisi, kwa kuwa huko ndiko baba alikovulia ovaroli yake kila jioni kabla mama hajamruhusu kuvuka kizingiti. Mimi nililala chumba cha katikati, harufu zote mbili zikinifikia. Wageni walikuja wakikunja pua, lakini kwangu ile ndiyo ilikuwa harufu ya kushiba na kulala salama.

Baba alikuwa fundi wa mitambo mikubwa, na watu walimwita Fundi Rugwa. Miaka ile kazi yake kubwa ilikuwa kuitunza shoveli moja kuukuu kwenye machimbo ya moramu, ule udongo wa changarawe wa kutengenezea barabara, kule Murungu. Shoveli ni ile mashine ya magurudumu manne makubwa, yenye beleshi la chuma mbele, inayozoa kifusi na kukipakia kwenye malori. Ile ya Murungu iliachwa na wajenzi wa barabara waliomaliza kazi yao na kuondoka, akainunua Mama Editha, mjane aliyemiliki machimbo. Rangi yake ya njano ilikuwa imebabuka, kiti chake kimeshonewa gunia, na vipuri vyake havikutengenezwa tena popote tulipopajua. Wengine waliiona kama chuma chakavu. Baba aliizungukia asubuhi akiigusa hapa na pale, kama mtu anayemsalimia mgonjwa kabla ya kumuuliza ameamkaje.

Nilikuwa darasa la nne, na siku zote ambazo hakukuwa na shule nilikwenda naye machimboni. Nilidhani ananichukua kwa sababu ananipenda kuliko kaka zangu. Kazi yangu ilikuwa moja: kusoma. Kila kipuri cha mashine kina namba iliyogongwa kwenye chuma au kwenye kibati kidogo, na bila namba hiyo huwezi kuagiza kingine. Baba alifuta vumbi kwa kitambaa, akanisogeza kwa bega, akasema, "Haya, nisomee." Mimi nikasoma kwa sauti ya darasani, naye akairudia mara mbili ili isimtoke kichwani. Sikujiuliza kwa nini mtu aliyesoma hadi chuo cha ufundi anahitaji kusomewa na mtoto. Mama nadhani alijua. Alikuwa ameanza kumwekea kikombe cha chai karibu kabisa na mkono, na kukigonga kidogo mezani ili asikie kilipo.

Mwishoni mwa kiangazi, vumbi jekundu likiwa limefunika migomba yote ya kando ya njia, shoveli ikaanza kuvuja oili kwenye jeki moja ya kunyanyulia beleshi. Jeki hizo ni mabomba mawili manene ya chuma, na ndani yake mna sili, yaani mipira ya kuzuia oili isitoroke. Mipira ile ilikuwa imekatika. Mvua zilikuwa karibu, na Mama Editha alikuwa ameahidi moramu ya kuziba mashimo ya njia ya kuelekea vijijini kabla haijageuka tope. Baba akaniita nisome kibati cha jeki. Kilikuwa kimeliwa na kutu. Nilisoma vizuri tarakimu zote hadi ya mwisho, ambayo ingeweza kuwa tatu na ingeweza kuwa nane. Nilikisogelea, nikakisugua kwa kidole, lakini sikupata hakika. Baba alikuwa amesimama akinisubiri, Hamisi dereva wa shoveli naye akisubiri, na mimi nilikuwa sijawahi hata mara moja kusema sioni. Nikasema nane.

Kesho yake tulipanda lori la mahindi hadi Kasulu, siku nzima ya mashimo na vumbi, baba akiwa amenikumbatia juu ya magunia na kunisimulia habari za kila daraja tulilovuka. Tulikuwa tunamwendea Mzee Sabimana. Mzee huyu alizaliwa Burundi, akakimbilia huku akiwa kijana, akaoa na kupata uraia, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na mashine nyingi zilizokufa. Kuku walitaga ndani ya beleshi, na mboga ya maboga ilitambaa hadi kwenye usukani. Hukuweza kumkuta tu, ukamtajia namba, akakupa kitu. Kwanza ulikaa, ukaulizwa watu wa nyumbani, ukala maharage, kisha ukaulizwa mashine yako imefanya kazi wapi na nani anaiendesha. Ndipo alipofungua kasha lake la mbao na kutoa sili zilizofungwa kwa karatasi ya nta. Baba alizipitisha vidoleni taratibu, akasita, akauliza, "Tereza, ulisema nane?" Nikasema ndiyo. Vidole vyake vilikuwa vimemwambia jambo jingine, lakini akaniamini mimi.

Tofauti ilikuwa ndogo kama unene wa ukucha. Sili ziliingia, jeki ikafungwa, na kwa siku mbili kila kitu kikawa shwari. Siku ya tatu, Hamisi akiwa amenyanyua beleshi lililojaa juu ya lori, tulisikia mlio mkali, oili ikaruka, na beleshi lote likaanguka likaponda ubavu wa lori. Pale pale lilipoangukia ndipo kijana wa lori alipokuwa amesimama, na muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa ameshuka kwenda kunywa maji. Alibaki amekishika kikombe, akitazama mahali alipokuwa.  Hamisi alizima mashine na kushuka, akakaa chini kwenye kifusi.

Mama Editha alikuja kabla ya adhuhuri. Hakuwa mwanamke wa ukali. Aliuliza tu sili zilichaguliwaje, na Hamisi, ambaye hakutaka kumwumiza mtu, alisema kwa upole kwamba namba ilisomwa na mtoto. Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimejificha nyuma ya gurudumu, na ninakumbuka joto la ule mpira shavuni kwangu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile nilielewa maana yake bila kufundishwa na mwalimu.

Baba alivua kofia. "Mtoto hana kosa," alisema. "Mimi sioni. Huu ni mwaka wa pili, maandishi nayaona kama moshi. Nilimfanya yeye awe macho yangu, na sikumwambia mtu kwa sababu niliogopa kukosa kazi."

Sijasahau jinsi alivyosimama, mikono mitupu, mbele ya watu waliokuwa wakimtegemea. Ndipo nilipotoka nyuma ya gurudumu nikamwambia kwamba ile tarakimu ya mwisho sikuwa nimeiona vizuri. Akachuchumaa akaniuliza kwa nini sikusema. Nilijibu huku nalia: "Niliogopa utamtafuta mwingine wa kukusomea."

Alinishika kichwa kwa mikono yake yenye grisi. "Mwingine nimtoe wapi, mwana wanje?" Aliniita mwanangu kwa Kiha, lugha ambayo kwa kawaida aliitumia na mama tu, wakiwa wenyewe. Na mbele ya watu wote wale hakuona haya kulia pamoja nami.

Mama Editha alilizungukia lori, akautazama ubavu uliopondeka. Kisha akasema kazi itaendelea, ila kuanzia siku hiyo hakuna kipuri kitakachofungwa mpaka Hamisi naye akione, na fundi atakwenda hospitali. Baba alikubali lile la kwanza. La pili alilikwepa, maana aliamini macho yakifa yamekufa.

Tulirudi Kasulu safari ya pili, na safari hii baba alimweleza Mzee Sabimana ukweli wote. Mzee alimgeuza uso kuelekea juani, akamtazama machoni. "Rugwa, huu ni mtoto wa jicho," alisema. "Hata mke wangu alikuwa naye." Niliposikia hivyo nilidhani ninazungumziwa mimi. Mtoto wa jicho angekuwa nani, kama si mimi niliyemsomea? Mzee aliposema lazima atolewe, nilimng'ang'ania baba kiunoni nikakataa kuachia, hadi wote wawili walipong'amua na kucheka, kisha wakanieleza kwamba ni utando mweupe unaoota ndani ya jicho, na kwamba madaktari huuondoa. Mke wa mzee akaitwa, akaja kututajia rangi ya kila shanga iliyokuwa shingoni mwake kama ushahidi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Baba alikuwa ameficha maradhi yenye dawa.

Siku ile Mzee Sabimana hakutupa sili. Alituongoza hadi kwenye shoveli yake mwenyewe, ndugu wa ile ya Murungu, ambayo aliiendesha ujanani na kwa miaka yote alikataa kuifungua hata skrubu moja. Akamwambia baba achukue jeki nzima. Baba alikataa, mzee akasisitiza kwamba chuma kikikaa bila kazi huliwa na kutu tu. Waliifungua pamoja, wazee wawili, mmoja akiona na mwingine akisikia, nami nikawapa spana. Kabla hatujaondoka mzee aliupangusa ule mkono wa shoveli uliobaki mtupu kwa shati lake.

Moramu ilifika vijijini mvua za kwanza zikidondoka. Baba alifanyiwa upasuaji msimu ule ule. Jicho la kulia lilipona, la kushoto lilibaki na ukungu. Aliendelea na ufundi miaka mingi, akiwa na Hamisi pembeni, nami nikarudi kwenye madaftari yangu nikiwa na wivu kidogo kwa sababu hakunihitaji tena.

Leo nauza vipuri vya mitambo mjini Kasulu. Fundi aliye Gwarama hunitumia picha ya kibati kwa simu, naikuza hadi kutu yenyewe ionekane chembe kwa chembe, na mzigo humfikia kwa basi bila sisi wawili kuonana wala kujua majina ya watoto wetu. Kipya kinyemi, nami sitamdanganya mtu kwamba zamani ilikuwa bora: baba asingeishi miaka miwili gizani kama tungekuwa na njia na habari tulizonazo sasa. Mwezi uliopita nilimchukua baba kutoka Kibondo kwa gari langu aje kukaa kwangu. Barabara ni lami, na safari iliyotumaliza siku nzima juu ya magunia sasa ni ya muda mfupi tu. Tulipovuka daraja la pili aliniwekea mkono begani akasema, "Punguza mwendo, Tereza. Tutafika mapema mno." Nikapunguza. Malori yakatupita, pikipiki zikatupita, naye akaanza kunisimulia taratibu jinsi alivyomwona mama kwa mara ya kwanza.