Mafuta Aliyoyaacha Mama

Neno lenyewe ni mafuta. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nafundisha sekondari hapa Mbeya, na kila mwaka nawaandikia wanafunzi ubaoni kwamba neno moja linaweza kubeba maana nyingi. Mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, mafuta ya gari, mafuta ya kujipaka, mafuta ya nyama. Wanacheka, wananakili, tunaendelea na somo. Siku nilipotakiwa mimi mwenyewe kulikumbuka somo hilo, nilikuwa natazama saa.

Tulikuwa kwenye kliniki moja ya Iringa mjini. Nilikuwa nimempeleka mama yangu, ambaye anaishi peke yake mtaa wa Mlandege tangu baba afariki. Presha yake ilikuwa juu na majibu ya damu hayakuwa mazuri. Daktari, mzee wa miwani, alisema bila kuinua macho kwenye karatasi zake: "Mama, damu yako ina mafuta mengi. Kuanzia leo mafuta uache kabisa." Mama hakumtazama daktari. Alinigeukia mimi. Nikaitikia kwa kichwa, maana basi la Mbeya lilikuwa linaondoka saa sita.

Mama alilelewa jirani na misheni ya Tosamaganga, na kwa watu wa rika lake kule, kikishasemwa na mwenye koti jeupe kimesemwa. Kila Kwaresima huacha chai ya maziwa, na sijawahi kumkamata hata akionja. Mafuta aliyaacha vivyo hivyo, ila mfungo huu haukuwa na Pasaka. Chupa ya alizeti alimpa jirani yake siku ileile. Zikafuata karanga, kwa kuwa zikisagwa zinatoa mafuta. Likafuata parachichi, kwa kuwa linateleza. Samaki nao wakaondoka, kwa kuwa wakibanikwa wanadondosha mafuta kwenye makaa. Akabaki na ugali na mboga za kuchemsha. Nilipompigia simu alisema, "Nafuata masharti, mwanangu," nami nikampongeza. Pongezi zile najichukia kwazo mpaka leo.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, wakati baridi ya Iringa inapasua midomo, nilikwenda kumwona. "Kamwene," alinisalimu mlangoni. Nikaitikia huku natazama sketi yake, ambayo alikuwa ameikaza kiunoni kwa kamba ya katani. Miguu ilikuwa imepauka kuanzia magotini, na visigino vimepasuka hadi vinatoa damu. Nikamwuliza mafuta yake ya mgando yako wapi.

"Nimempa jirani na yenyewe," alisema. "Si daktari alisema niache kabisa? Hata ya kupaka nimeacha."

Nilicheka. Siwezi kuficha, nilicheka kwanza, na yeye akacheka pamoja nami, kwa fahari. Akanisimulia kwamba alimwuliza hata katekista kama mafuta ya mpako wa wagonjwa nayo yamo kwenye katazo, na katekista akadhani ni utani. Kisha nikamshika mkono, nikaipata mifupa tu, na kicheko kikaniishia. Niliogopa sana.

Nilikaa naye jikoni, nikamweleza kama ninavyowaeleza kidato cha pili. Ya kupaka hayaingii kwenye damu, mama. Ya kula unapunguza, huachi yote. Alinisikiliza kwa adabu, mikono mapajani, kama mtu anayemsikiliza mgeni.

"Lakini ulikuwepo," akasema. "Ingekuwa siyo hivyo ungesema palepale. Wewe ndio umesoma."

Nikampeleka tena kliniki ili maneno yafutwe na aliyeyasema. Daktari yule alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine. Nesi akatuambia tumwone mpya, kijana. Kijana yule alieleza vizuri kuliko mimi, na mama alimwitikia kila neno. Tulipotoka nje akaniambia kwamba yule bado mtoto, atajifunza.

Nilirudi Mbeya nikiwa sijui la kufanya. Nilimwuliza daktari mwingine huku, akaniambia kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima yatoke kwenye chakula. Usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, karanga kidogo, kijiko cha alizeti kwenye mboga, alisema, vingemtosha bila kidonge chochote. Nikamwambia kwamba mama hali hata kimoja kati ya hivyo. Akasema vidonge vya mafuta ya samaki naweza kujaribu, ila chakula ndicho hasa. Mwalimu mwenzangu anaviuza ofisini kwetu, na anavisifia kwa kila kitu kuanzia macho hadi ndoa. Nilivinunua huku najua kwamba havitaziba pengo la sahani. Nilihitaji tu kubeba kitu mkononi.

Nilipokwenda tena Iringa nilibeba vidonge na usipa. Usipa ulikwenda kwa jirani, ambaye siku hizi anang'aa. Vidonge nikavitoa kwenye chupa yake, nikavifunga kwenye karatasi, nikamwambia mama ni dawa ya nguvu. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake tangu niwe mtu mzima. Nilichosahau ni kwamba mama hamezi vidonge vikubwa, anavitafuna.

Cha kwanza kikapasuka mdomoni. Akaacha kutafuna. Akatema kwenye kiganja, akanusa, akanitazama.

"Hii mafuta," alisema. Kisha, polepole: "Mwanangu. Mimi ndio wa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

Nahau hiyo naifundisha kila mwaka, na sijawahi kuisikia ikisemwa na mtu mwenye ngozi kavu namna ile. Alinawa mkono kwa sabuni mara mbili. Niliomba radhi, akasema yameisha, na kweli kwake yalikuwa yameisha.

Kesho yake ilikuwa siku yake ya kupimwa. Presha ilikuwa imeshuka. Nesi akamsifu mbele ya foleni nzima, akasema wagonjwa wote wangekuwa kama yule mama. Kuhusu uzito niliuliza mimi, na nesi akasema kupungua ni vizuri kwa mwenye presha. Nikachukua kadi yake, tukaondoka.

Tulirudi kwa miguu. Mama alikuwa mbele, sketi ameishika kwa mkono mmoja isimvuke, na anatembea kama msichana aliyefaulu mtihani. Mlangoni akanigeukia, vilevile alivyonigeukia siku ile mbele ya daktari. Alitabasamu, na mdomo ukapasuka katikati, tone la damu likatokeza. Hakulisikia.

"Nafanya vizuri, eti?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.