Kamba Wangu Si Kitoweo

Hakuna aliyeingia nyumbani kwangu Tibirinzi, akaliona lile tangi la kioo, asiniulize kamba wangu wataliwa lini. Hakuna! Jirani yangu aliinama, akakigonga kioo kwa pete yake, akasema, "Ntu gani afuga uduvi, jamani? Tia tui uwale." Fundi wa umeme, aliyekuja kutazama swichi, alisema hawatoshi hata mchuzi wa mtu mmoja. Nikamwambia atazame swichi.

Kwanza, si uduvi. Ni kamba wa maji matamu, wekundu kama pilipili mbivu, na mkubwa wao hazidi pingili moja ya kidole. Ni viumbe vya kudekezwa. Maji ya bomba yana dawa, yatawaua. Maji ya kisima peke yake yana chumvi. Basi nilikinga maji ya mvua kwenye pipa, nikayachanganya na ya kisima kidogo kidogo, nikayaacha yatulie. Changarawe niliiosha mpaka vidole vikachubuka. Nikapanda majani ya majini, nikafunga pampu ndogo ya hewa na sponji ya kuchujia, nikatupia na majani makavu ya mti wa mkungu, maana kamba hupenda kuyatafuna. Kisha tangi likakaa wiki na wiki linatoa mapovu bila ya mdudu ndani, kwa sababu maji mapya nayo hayafai, lazima yakomae. Watu wakapita dirishani wakatazama maji matupu yanayochemka baridi, wakaenda kusema nimerukwa na akili. Waseme!

Tangi nililiweka chini ya dirisha, pale kilipokuwa kitanda cha mama. Hapo ndipo nilipomuuguza mpaka mwisho. Hitima haijapoa, kila mtu akawa na lake: weka kochi, weka kabati, chukua mpangaji. Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Nilitaka pale mahali pawe na kitu kinachopumua, basi.

Kundi la kwanza lilikufa lote. Mgeni mmoja aliona mbu sebuleni, akachukua kopo la dawa akapuliza, kwa wema wake. Wema huu wa watu utakuja kuniua mimi pia. Nikaanza upya. Binamu yangu akaniletea wengine kutoka Dar es Salaam ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa hewa, akiupakata njia nzima, na hawa wakakaa. Siku nilipomwona mmoja amebeba mayai chini ya tumbo, akiyapepea kwa vile vimiguu vyake, nilikaa kitako sakafuni nikalia. Yakianguliwa hayo, tangi litakuwa limesimama kweli, lina wazawa wa pale pale, chini ya dirisha la mama.

Ndipo akaja mama mkubwa, dada yake mama, kutoka Mtambile. Alikuja na ndizi, na karafuu kavu kwenye kifuko, na kile kichupa chake cha mafuta ya karafuu ambacho hakimtoki mkobani. Kwetu Pemba mafuta ya karafuu ni dawa ya jino, ya tumbo, ya goti, na ya siafu kabatini. Mama mkubwa ndiye bingwa wa dawa hiyo. Asubuhi, kabla sijatoka kwenda kazini, nilimwambia, "Mama mkubwa, nakuomba sana, kwenye tangi usitie kitu."

"Haya, mwanangu. Nitie kitu nna nini?"

Niliporudi alasiri, harufu ilinipokea mlangoni. Karafuu tupu! Nilitupa mkoba nikakimbilia dirishani. Kamba wangu walikuwa wamelala ubavu juu ya changarawe, wote, na yule mwenye mayai kati yao.

"Umetia nini?"

"Matone tu, mwanangu. Wagonjwa hawa. Nimewaona wambuka ngozi, ngozi nyeupe nzima nzima zimelala chini."

"Wanavua magamba! Ndivyo wanavyokua! Mama mkubwa, si nimekwambia?"

Nilichukua chujio la chai nikawatoa mmoja mmoja, nikawatia kwenye beseni la maji safi ya pipani, nikauhamisha mpira wa pampu. Mdomo nao haukunyamaza. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama yake mkubwa. Nilisema, "Nani kakuita na dawa yako? Mama alipokuwa akikuita, hapa hapa, usiku na mchana, ulikuja lini? Ulikuja kuzika!"

Lilikuwa limenikaa kooni tangu msiba, na sikujua kuwa lingetoka kwa ajili ya kamba. Sikuona haya. Lahaula, nilitaka hata jirani asikie.

Mama mkubwa alikaa kwenye ukingo wa kiti, kanga imemteleza kichwani. Hakunikemea, na laiti angenikemea.

"Nlikuwa na karafuu uwanjani," alisema. "Mvua yatishia. Nkasema nianue kwanza, halafu niende kwa mdogo wangu. Nkasema kesho." Akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Leo nimewaona hawa wamelala papo hapo pake, nkasema safari hii singoji ntu."

Pampu ilikuwa ikitoa mapovu, na chumba kizima kilinuka kama miguu ya mama wakati ule wa mwisho, nilipokuwa nikimkanda kwa mafuta haya haya, ambayo mama mkubwa aliwapa watu watuletee badala ya kuja mwenyewe.

Kamba mmoja akatikisa sharubu. Kisha mwingine akainuka, akayumba, akasimama. Wengine hawakuinuka tena. Mwenye mayai alikaa ubavu muda mrefu hata nikaacha kumtazama, nikawa natazama ukuta. Ni mama mkubwa aliyekuwa akimtazama, ameinama mpaka uso unakaribia maji, mkono ameuficha ndani ya kanga usije ukamponyoka ukagusa.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Na huyu nimemkosa?"

Niligeuka. Vimiguu vilikuwa vinapepea, polepole. Mayai kadhaa yalikuwa yamedondoka kwenye kitako cha beseni, na mengine bado ameyakumbatia.

"Hujamkosa," nikamwambia. "Yu hai. Sogea nami nione."

Akasogea, tukainama pamoja. Hasira yangu ilikuwa bado haijaisha.