Sare ya Harusi ya Khairiya

Nadra aliingia dukani kwa Bi Duni, Mlandege, na mfuko wa lesi ya kijani, akaubwaga juu ya cherehani ya Mwatum kama anayetua gunia la muhogo. Humo mna vitambaa vyake na vya wenziwe, alisema, washonewe magauni ya harusi ya Khairiya. Sare ya mashoga wa bi harusi. Kisha akajigeuza mbele ya kioo, akauliza, "Na lako ushalishona?"

Mwatum alikuwa na pini mdomoni, na pini ni neema kwa mtu asiyetaka kujibu. Alizitoa moja moja.

"Langu la mwisho," alisema. "Fundi hajishonei kwanza."

Uongo mtupu. Sare hakupewa, wala hakujua kama ipo. Alichokipata yeye ni kadi iliyotumwa kwenye simu ya mama yake, imeandikwa jina la mama "na familia". Mwatum ndiye aliyekuwa hiyo familia.

Na zamani, skuli kule Bububu, Khairiya hakuwa na mtu mwengine duniani. Mmoja alikimbiwa kwa ulimi wake, mwengine kwa chunusi zake, wakakutana nyuma ya tangi la maji. Kila mapumziko walisoma kwenye simu ya Mwatum manga moja ya Kijapani, hadithi ya picha nyeusi na nyeupe, inayoanzia kulia kama juzuu. Ilikuwa ya msichana aliyehamia skuli ngeni akawa anakula peke yake kwenye ngazi, sura baada ya sura, na hapana anayekuja. Hamna mapenzi, hamna jini, hamna hata mwalimu mwenye huruma. Khairiya akilia, Mwatum akimcheka, kisha Mwatum huyo akaenda kulia chooni. Walikuwa na sharti moja tu, kwamba hapana kusoma mbele bila ya mwenzio.

Khairiya akaenda chuo, chunusi zikapona, akarudi na Nadra. Siku moja anakula urojo na Mwatum, akataja hivi hivi kwamba ile manga wameshaimaliza, yeye na Nadra, na kwamba yule msichana hapati rafiki mpaka mwisho, anazoea tu. Aliyasema hayo huku anakamulia ndimu. Mtu akiibiwa mume huenda kwa kadhi. Kwa hili Mwatum aende kwa nani?

Basi alikwenda kwa mkasi. Kila kitambaa alikipunguza kidogo, kiunoni hapa, mgongoni pale, na vipande akavificha chini ya kiti.

"Mwatum," aliita Bi Duni.

"Naam."

"Mbona unakata kibahili hivyo?"

"Ndiyo mtindo wa sasa, bibi. Yanabana."

Vile vipande akaviunga, ua juu ya ua, mpaka likatoka gauni lake. Wiki nzima alijiandalia majibu. Khairiya akimwuliza nani kakupa, atamjibu hivi. Akimfukuza, atamwambia vile, mbele ya mama mkwe. Ugomvi aliutamani kama mwenye mimba anavyotamani udongo.

Ukumbini, mashoga walikuwa wamesimama safu nzima wala hapana aliyethubutu kukaa. Nadra alikuwa akivuta pumzi kwa hesabu. Mwatum akapita katikati yao, gauni limemkaa barabara, akapanda jukwaani mpaka mbele ya bi harusi.

Khairiya alimtazama, akaitazama lesi, akakunja uso kama anayetafuta ufunguo kwenye mkoba.

"Kumbe na wewe nilikupa sare?"

Swali hilo halikuwamo katika yale aliyojiandalia Mwatum. Alikwisha kujipangia kwamba amekatwa kwa makusudi, kwamba kuna siku Khairiya na Nadra walikaa wakamjadili. Hapakuwa na siku hiyo.

"Ulinipa," alisema.

"Alhamdulillahi. Nlikuwa nna wasiwasi kuna mtu nshamsahau."

Hapo hapo zipu ya Nadra ikafumuka, kutoka kwapani mpaka nyonga. Khairiya, na mapambo yake yote na kuambiwa asicheke wanja utachuruzika, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mlafi mkubwa we," alimwambia Nadra. "Biriani la harusi yangu umelianza tangu jikoni? Njoo hapa, mbwa we."

Akachomoa pini kwenye shela lake mwenyewe, akambana nayo, huku anamfinya na kumtukana, na Nadra anamrudishia. Mwatum, fundi, na pini zake ziko mkobani, alisimama pembeni hakuombwa hata moja. Alimwonea Nadra wivu wa ile pini, na wa ule mfinyo. Alimwonea wivu hata wa kuitwa mbwa.

Khairiya alipomaliza alimgeukia kwa tabasamu la kupokelea wageni.

"Ahsante kwa kuja, Mwatum. Msalimie mama."